Karoti za Asubuhi

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo naiona wazi kuliko ninavyoiona jana. Ni siku ile mwanamke asiyejua kusoma aliponisimamisha mbele yake, akaniambia nimsomee karatasi. Neno lilikuwa moja tu. Nililisoma mpaka sauti ikanikauka. Vuta kiti ukae karibu, maana ninyi vijana wa kanisa letu hapa Kiganjo mmeniomba niwaeleze sisi tulianzaje kuuza mboga zenye jina letu, na sitaki kuwapa yale matamu peke yake.

Mimi ni Njoki, kwetu ni Ruiru. Wakati huo nilikuwa nimepita miaka ishirini kidogo tu, na Imajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, ilikuwa inaelekea ukingoni. Tulikuwa bado tunaishi kwenye kile kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu, nyumba zimebanana, na langoni kuna homugadi, walinzi wa serikali. Lango lilifunguliwa kukipambazuka, likafungwa jua likizama. Baba yangu alikuwa kizuizini, mwaka wa nne huo. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa huko huko. Waliobaki kulima na kulisha watoto ni akina mama.

Nilikuwa nimesoma kwa wamisheni mpaka darasa la sita. Kwa msichana wa siku zile hilo lilikuwa jambo kubwa, na mimi nililifanya kubwa zaidi. Nikipita njiani nilitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Nilipata kazi jikoni kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa, na mke wake, ambaye tulimwita Memsabu, ndiye aliyenifundisha mambo ya karoti bila yeye mwenyewe kujua. Karoti zikiletwa, alikuwa anachukua moja na kuivunja katikati. Ikilia ta! anazipokea. Ikipinda, anazirudisha. Halafu ananusa majani. Siku nyingi zilipinda, maana zilitoka mbali, zimelaliana ndani ya magunia siku mbili tatu.

Na mimi nilijua karoti zinazolia zilipo. Zilikuwa bondeni kwetu, kando ya mto Ruiru, kwenye vishamba vya akina mama saba ambao mama yangu alikuwa mmoja wao. Udongo wa pale ni mweusi na laini, maji yako hapo hapo, yanachotwa kwa debe. Mkubwa wa kikundi alikuwa Mama Mbugua. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, sauti yake ya chini, hana haraka ya kujibu. Kiswahili alijua cha salamu na cha sokoni tu. Mtu akimuuliza jambo, alikuwa anamaliza kwanza kazi iliyo mkononi, halafu ndipo anakutazama.

Siku moja nikamsikia Memsabu akimwambia mgeni wake kwamba Thika limefunguliwa duka la namna mpya. Siku hizi mnaita supamaketi, ziko kila kona kuanzia Kahawa Sukari mpaka hapa kwetu. Wakati ule lilikuwa moja tu, na sisi tuliliita duka la kujichukulia. Hakuna muuzaji aliyesimama nyuma ya meza. Mtu anaingia, anapewa kikapu, anazunguka mwenyewe kwenye rafu, anashika, anageuza, anachagua, kisha anaenda kulipa karibu na mlango. Wenye mashamba ya mkonge na kahawa, Wahindi wa mjini, wakubwa wa viwandani, wote walienda kulitazama.

Nikaomba kibali cha kusafiri, maana siku zile bila kibali hutoki, nikafunga mafungu sita ya karoti, nikapanda treni ya asubuhi kutoka Ruiru. Mlango wa mbele haukuwa wa watu kama mimi. Nilizunguka nyuma, wanakoshushia mizigo, nikamkuta meneja. Alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mfupi, shati jeupe, penseli sikioni.

“Nini wewe?” akaniuliza.

“Nimeleta karoti, Bwana.”

“Karoti ninazo.” Akanionyesha kreti lililojaa.

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nilichukua karoti moja kutoka kwenye kreti lake, nikaipinda. Ikapinda. Nikachukua ya kwetu, nikaisogeza karibu na sikio lake, nikaivunja. Ta! Akashtuka, halafu akacheka, akanyoosha mkono akachukua kile kipande na kukitafuna.

“Hii imetoka wapi?”

“Ruiru, mtoni. Imeng'olewa leo.”

Akatafuna mpaka akamaliza. “Sikiliza, msichana. Kwenye duka la kawaida ningesimama hapa nimwambie memsahibu, chukua hizi, ni za leo. Hapa hakuna wa kumwambia. Anachagua peke yake. Karoti zako nikiziweka na zile nyingine, nani atajua?”

“Tutazitia alama.”

“Alama gani?”

Nikamwambia nitarudi nayo.

Akina mama niliwakuta palepale mtoni, wakiosha mboga, nikawaeleza. Tulihitaji jina, na jina lipigwe chapa kwenye karatasi ya kuzungushia kila fungu. Nyambura, ambaye alikuwa na maneno mengi na watoto watano, akasema tuite Malkia, kwa sababu Wazungu wanampenda malkia wao. Mwingine akasema ziitwe Njoki, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma na ndiye niliyelipata duka. Mwanangu, sitakuficha, moyo wangu uliruka. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikasubiri wakubali.

Mama Mbugua alikuwa anasugua karoti kwa gunzi la mahindi. Akaisuuza, akaiweka, akanitazama.

“Kwa nini wanunue zetu, wasinunue zile nyingine?” akauliza kwa Kikuyu.

“Kwa sababu zetu zimeng'olewa siku hiyo hiyo,” nikasema. “Asubuhi.”

“Basi andika hivyo. Asubuhi.”

“Mama, hilo si jina la kitu.”

“Ndicho tunachouza,” akasema, na akachukua karoti nyingine.

Nikaenda Thika kwa Mhindi mmoja mpiga chapa, Bwana Ramji. Mashine yake aliiendesha kwa mguu kama cherehani. Alinisikiliza, akauliza, “Kampuni ya nani hii?” Nikamwambia ya akina mama. Akatikisa kichwa: “Akina mama hapana kampuni.” Lakini alizipiga chapa karatasi zetu, na kwa kuwa wino mweusi ulikuwa umemwishia, akatumia wa zambarau. Herufi zilitoka kubwa, ASUBUHI, na juu yake nusu ya jua. Nilipozipeleka nyumbani, akina mama walizishika kwa ncha za vidole kama noti mpya. Mama Mbugua akapitisha kidole juu ya zile herufi, moja moja, akaniuliza ni ipi inayoanza.

Hebu nikueleze jinsi tulivyofanya, maana kazi yenyewe ndiyo fahari yangu. Lango likifunguliwa, akina mama walishuka bondeni wakikimbia, umande bado umejaa kwenye majani. Wawili wanang'oa, wawili wanaosha, wawili wanachagua. Iliyopasuka, kando. Iliyoota miguu miwili, kando, hiyo tutakula nyumbani. Mmoja anafunga kwa kamba ya mgomba, karoti nane nane, na majani yake yote, kisha mimi nazungusha karatasi. Majani hatukukata kamwe. Majani ndiyo yaliyosema ukweli wa karoti, kwa sababu yananyauka kabla ya karoti yenyewe kulegea. Halafu makreti yanabebwa mgongoni mpaka stesheni, kupanda ule mteremko wote, treni isituache.

Jumanne ile ya kwanza tulipewa rafu moja karibu na viazi. Nilizipanga mwenyewe, majani nje, zambarau ikitazama njia. Kisha nikarudi nyuma, nikachungulia kwenye ufa wa mlango wa stoo. Alikuja mama mmoja wa Kihindi, mzee, amevaa sari ya kijani. Akachukua fungu, akaligeuza, akasoma, akanusa majani. Akalirudisha. Alitembea hatua tatu, akasimama, akarudi, akachukua mawili. Kabla ya saa sita rafu ilikuwa tupu, imebaki udongo kidogo na tone la maji.

Nilishuka treni Ruiru nikikimbia. Sikungoja kufika. Nilianza kupiga kelele juu ya kilima, “Zimeisha! Zimeisha zote!” Bondeni akina mama wakapiga vigelegele, vile vitano vinavyopigwa akizaliwa mtoto wa kiume, mpaka homugadi wakaja kutazama kuna nini.

Ikawa ni Jumanne na Ijumaa. Memsabu aliniruhusu siku hizo niingie kazini mchana, bila kuniuliza mambo mengi. Siku moja akarudi kutoka Thika na kikapu, akatoa fungu lenye karatasi ya zambarau. Akavunja moja. Ta! Akaniambia, “Njoki, hatimaye yuko mtu nchi hii anayejua karoti.” Mimi nikasema ndiyo Memsabu, nikazichukua, nikaziosha mara ya pili. Jikoni nilicheka peke yangu mpaka mpishi akadhani nimepagawa.

Sasa nikuambie nilipoharibu.

Ilikuwa wiki ya kabla ya Krismasi. Meneja aliniita Jumanne akaniambia, “Ijumaa watu watanunua kama wazimu. Nataka mara nne.” Nami nikasema, “Utazipata.” Sikusema nitawauliza wenzangu. Nilipenda sana kuonekana kwamba naweza kusema ndiyo.

Kwenye treni ndipo nikaanza kuhesabu akilini. Kati ya kufunguliwa kwa lango na kupita kwa treni, mikono ile saba haikuweza kung'oa, kuosha na kufunga mara nne. Haiwezekani kabisa. Na Mama Mbugua hakuwapo. Alikuwa Gatundu, binti yake amejifungua. Nikaona mkubwa aliyebaki ni mimi.

Nikawaambia akina mama tung'oe Alhamisi mchana, tuzifunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Tulifanya hivyo. Lakini Desemba ni Desemba, jua lilikuwa kali, na kabla ya jioni majani yalikuwa yamelala kama nywele zilizonyeshewa. Nikasema tuyakate. Tukayakata yote, tukayatupa ukingoni mwa mto, na karoti bila majani zikaonekana safi tu, zinang'aa.

Nyambura alikuwa ameshika kile kikaratasi. “Njoki, na hii si inasema Asubuhi?”

“Asubuhi ipi?” nikamjibu. “Hata jana ilikuwa na asubuhi yake.”

Wakacheka. Nilijiona mwerevu sana. Mama yangu peke yake ndiye hakucheka, lakini hakusema neno. Baadaye aliniambia alinyamaza kwa sababu aliogopa elimu yangu. Maneno hayo yaliniuma kuliko kuchapwa.

Ijumaa zikauzwa zote. Hakuna aliyerudisha hata moja. Meneja akanipiga bega akasema, “Wewe ni mfanyabiashara.” Nikarudi nyumbani nimevimba.

Jumamosi Mama Mbugua akarudi kutoka Gatundu. Kabla ya kwenda kwake alipitia bondeni, ndivyo alivyokuwa, kuangalia shamba kwanza. Akalikuta lile rundo la majani ukingoni. Sisi tulikuwa tunanyunyizia maji miche. Akainama, akachukua konzi moja ya majani, akayasugua vidoleni. Yalikuwa yamekauka na kuwa ya manjano.

“Haya yamekatwa lini?” akauliza.

Kila mtu alipata kazi ya kufanya. Nyambura akaenda kuchota maji wakati debe lake limejaa.

Mama Mbugua akanitazama mimi. “Njoki, una kile kikaratasi?”

Nilikuwa nacho mfukoni mwa aproni.

“Nisomee.”

“Asubuhi,” nikasema.

“Tena.”

“Asubuhi.”

“Tena.”

Mara ya nne sauti ilianza kukwama. Mara ya tano haikutoka, ni midomo tu iliyotikisika. Wenzangu wote walikuwa wamesimama na madebe yao. Mama Mbugua akasema kwa sauti ile yake ya chini:

“Mimi sijui kusoma, mtoto wangu. Uliponiambia hapo pameandikwa Asubuhi, nilikuamini. Ungeandika jina la mbwa wa homugadi, ningelifunga kwenye karoti zangu nisijue. Yule anayenunua kule Thika naye hajafika huku mtoni. Anakuamini kama mimi nilivyokuamini. Sasa niambie. Ijumaa karatasi hii ilikuwa inasema nini?”

“Lakini mama, hakuna aliyelalamika.”

“Sikukuuliza nani amelalamika.”

Nikalia. Alingoja nimalize. Hakunishika, wala hakunitukana. Nilipopangusa macho akasema, “Jumanne tutakwenda mimi na wewe. Utamweleza yule bwana.”

Hapo Nyambura akarudi mbio. “Aca, hapana! Mama Mbugua, atatutoa! Rafu ile atampa mtu mwingine. Watoto wangu unajua wanakula nini kama si hizi karoti?”

“Wangu wanakula hizo hizo,” akajibu.

“Basi tusifanye tena, inatosha! Kwa nini kwenda kujishtaki?”

Mama Mbugua alifikiria. Nilimwona akifikiria kweli, maana naye aliogopa. “Kwa sababu Njoki ni kijana,” akasema. “Akiweza kunyamazia hili, ataweza kunyamazia lingine nikiwa nimekufa.”

Jumapili kanisani sikuweza kuimba. Niliinua kitabu cha nyimbo kikafunika uso.

Jumanne tukapewa kibali, tukapanda treni, mimi na yeye, na makreti yetu ya siku hiyo, machache kama kawaida, majani yamesimama. Njia nzima alitazama mikonge ikipita dirishani. Tukaingilia nyuma. Meneja alikuwa anaandika, akatukaribisha kwa furaha, akaniuliza yule mzee ni nani.

Mama Mbugua akazungumza Kikuyu, nami ikabidi nitafsiri. Fikiria, mwanangu, kubeba kwa mdomo wako mwenyewe maneno yanayokuvua nguo.

“Anasema yeye ndiye mkubwa wa kikundi,” nikaanza. “Anasema zile karoti za Ijumaa zilikuwa za jana yake.”

“Mwambie ni nani aliyeamua,” akasema Mama Mbugua.

“Anasema... Ni mimi niliyeamua, Bwana. Na nilikata majani usijue.”

Nilingoja atufukuze. Meneja akaweka penseli mezani, akatutazama kwa zamu. “Mmekuja kuniambia hilo tu?” Akaanza kucheka. “Hakuna mtu aliyejua! Watu walifurahi. Sikilizeni, nilikuwa nataka kuwaambia mniletee mara nne kila wiki. Za leo, za jana, hakuna anayejali. Karatasi yenu ndiyo inayouza.”

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na sasa mlango ulikuwa umefunguliwa mkubwa kuliko tulivyoota. Nikamtafsiria Mama Mbugua neno kwa neno, na nakiri, moyoni niliomba akubali.

Akauliza kitu kimoja. “Amesema karatasi ndiyo inayouza?”

“Ndiyo, mama.”

“Mwambie basi tutamletea mara nne, bila karatasi. Aziweke na zile nyingine. Zenye karatasi zitakuwa zile tunazoweza kung'oa siku hiyo, hata yakiwa mafungu kumi.”

Meneja uso ukabadilika. Bila karatasi hakuzitaka, alizokuwa nazo zilimtosha. Alibishana nasi muda mrefu, akaniambia nimweleze huyu mama kwamba hajui biashara. Nilimweleza. Akajibu kwamba ni kweli, hajui. Mwishowe meneja akatutoa kwenye rafu yetu karibu na viazi, akampa mtu wa vitunguu. Sisi akatutupa nyuma kabisa, pembeni, karibu na mafagio na sabuni, mafungu machache tu.

Nyambura hakunisalimu wiki mbili, na alikuwa na haki. Januari ile ilikuwa ngumu. Mara mbili karoti zilirudi, tukazila sisi wenyewe mpaka watoto wakazikataa. Mimi nikajipa adhabu yangu: kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa wa kwanza langoni, nikishuka bondeni kabla ya wengine, niking'oa mpaka kucha zikajaa udongo usiotoka. Mama Mbugua alikuwa ananiona. Siku moja, tukiwa tumeinama ubavu kwa ubavu, aliniambia, “Hiyo shikia chini kidogo, isikatike shingo.” Nikajua amenisamehe.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Ilikuwa Ijumaa moja, Februari au Machi. Nilifika na makreti nikawakuta wanawake sita wamesimama kule nyuma karibu na mafagio, Wazungu wawili na Wahindi wanne, na yule mzee wa sari ya kijani yumo. Walikuwa hawanunui kitu. Walikuwa wananingoja mimi. Hawakungoja hata nipange, walichukua kwenye kreti.

Meneja akaja amekunja uso. “Ninyi mmeniletea shida,” akaniambia. “Kila Jumanne na Ijumaa watu wanajazana hapa kabla ya treni. Na sasa wananiuliza kabichi imekatwa lini! Saladi imekatwa lini! Mimi nitajua wapi?” Nilidhani anatukemea. Kumbe alikuwa tayari ameshamwambia kijana wa stoo aondoe biskuti kwenye meza ya mbele, ile iliyo karibu na mlango, inayoonekana kutoka barabarani. Meza nzima akatupa sisi. Juu yake akabandika kibao chenye neno letu, na mara hii ASUBUHI ilikuwa kubwa kama mlango wa jiko.

Baba alirudi kutoka kizuizini mwaka huo. Alikuwa amekonda, hasemi sana. Nilimwonyesha kikaratasi, nikamwambia jinsi tulivyofanya, na jinsi nilivyoharibu pia, maana Mama Mbugua alisema ni lazima anisikie nikilisema mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje akawaambia wanaume wenzake, “Njooni mwone wanawake wetu walichofanya wakati sisi hatupo.”

Vizuizi vya kusafiri vilipolegezwa, akina mama wote saba walitaka kuiona meza yao. Tulipanda treni siku moja tukiwa tumevaa za Jumapili, Nyambura na kitambaa kipya kichwani, ameshanisamehe na kusahau. Tulipofika dukani, miguu yangu kwa mazoea ikaelekea nyuma. Mama Mbugua akanivuta mkono. “Wanaonunua wanapitia wapi?” akauliza. Nikamwonyesha. Akapitia hapo, nasi tukamfuata, na hakuna aliyetuzuia.

Walisimama mbele ya ile meza kama wako kanisani. Mama Mbugua akanyoosha fungu moja lililokuwa limeinama. Ndipo akaja Mzungu mmoja kijana, mwanamke mwenye mtoto mkononi, mgeni pengine, akamwuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika, “Mama, hii leo kweli?”

Mama Mbugua alielewa. Alifungua viganja vyake vyote viwili akamwonyesha. Udongo mweusi wa Ruiru ulikuwa bado umo kwenye mikunjo ya vidole.

“Leo,” akasema. “Mimi.”

Nimeishi miaka mingi, nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeona watoto wangu wakipata digrii. Lakini ukiniuliza siku niliyosimama nikiwa mrefu kuliko zote, nitakwambia ni hiyo. Kikundi chetu kiliendelea mpaka karibu na Uhuru, kisha mashamba yakapimwa upya, watu wakaanza kupanda kahawa yao wenyewe, kila mmoja akashika njia yake. Mama Mbugua alikufa mzee sana, na tulimzika kule kule juu ya bonde.

Sasa hili ndilo ninalokuachia. Mwanangu, siku utakapoweka jina kwenye kitu cha kuuza, ujue umetoa ahadi kwa mtu ambaye hutamwona na ambaye hana namna ya kukuchunguza. Timiza ahadi hiyo hata pale asipoweza kujua. Usiseme ndiyo kwa sababu unapenda kuonekana unaweza. Nenda kwanza ukawaulize wale ambao mikono yao ndiyo itakayofanya kazi. Ukikosea, na utakosea, nenda ukaseme mwenyewe mapema, kwa kinywa chako, mbele ya mtu uliyemkosea. Utaaibika, lakini aibu hiyo inapita, mimi ilinipita. Na ukiwa umesoma, usitumie kusoma kwako kumfunga macho asiyesoma. Yule mzee anayekuamini amekupa kitu kikubwa kuliko elimu uliyonayo. Kidogo kilicho cha kweli kiuze bila haya, na kikikupeleka karibu na mafagio, kaa hapo ufanye kazi yako vizuri.

Inama kidogo nikutemee mate ya baraka kifuani, kama nyanya zetu walivyotufanyia. Mungu akupe udongo mwema na maji ya karibu. Akupe wenzako wa kucheka nao shambani, na mmoja wa kukukemea. Watoto wako wasione haya kulitaja jina lako mbele ya watu. Ushibe, ulishe wengine, uzeeke ukiwa na jambo la kusimulia. Amina.